Dar mpaka Mombasa na transfoma ndani ya begi la shangazi kaja: kuwasha kompyuta za Marekani kwa umeme wa 240

Hii naiandika nikiwa nishafika nyumbani Tabata, kutoka kwenye notsi za simu na mapicha, na mapicha yenyewe mengi ni ya mgongo wa mashine, zile lebo ndogo ambazo watu huwa hawazisomi. Shangazi yangu anakaa Mombasa, Mji wa Kale. Mwanawe Salimu yuko Columbus, Ohio, na alimtumia mzigo wa kufungulia kaofisi ka kuchapa na kuprinti: kompyuta ya mezani, monita, printa ya leza, ruta, UPS (lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika), ekstensheni na kasaa ka mezani ka kuchomeka ukutani. Vyote vimenunuliwa kule kule. Sasa Marekani umeme wa ukutani ni 120V kwa 60Hz (Hz ni mitikisiko ya umeme kwa sekunde), Kenya ni 240V kwa 50Hz, na sisi Bongo ni 230V kwa 50Hz hizo hizo. Mi ni fundi kompyuta, kwa hiyo simu ikanifikia mimi.

"Mwanangu, vijiti vya plagi zake ni bapa, haviingii popote hapa."

Nikamwambia shangazi shukuru Mungu haviingii, usiguse kitu, nakuja.

Jumanne usiku, kufungasha

Nilikuwa na transfoma ya kushusha umeme, 230 kuja 110, ya 2000VA, yaani inabeba karibu wati 2000, imekaa stoo tangu mteja mmoja alipoleta mashine toka Marekani. Ina kama kilo 15. Nikaizungushia khanga mbili, nikaitumbukiza kwenye shangazi kaja, juu yake nguo, multimita ya kupimia umeme, bisibisi na laptopu yangu. Laptopu yenyewe ni mtumba wa Ujerumani, chaja yake ina ile plagi nene ya vijiti viwili vya duara. Hapa Dar huwa siisumbukii kwa sababu ekstensheni zetu nyingi zina matundu yanayokubali kila kitu.

Jumatano, Mbezi mpaka Likoni

Basi tuliambiwa saa 12 kamili asubuhi, likatoka stendi ya Magufuli saa 1 kasoro. Nauli 50,000. Konda akanyanyua begi langu mara moja, akalirudisha chini, akanitazama. "Dada umebeba mashine ya kusaga?" Tukabishana weee, mwisho nikatoa 10,000 ya mzigo, na nikasimama pale mpaka nilipoliona limelazwa buti, halijasimamishwa.

Chalinze, Segera, kila mtu anaijua hiyo njia sina haja ya kuisimulia. Segera nilikula wali kuku wa bei ya barabarani, Muheza tukanunua machungwa dirishani. Siti zilikuwa na tundu la USB, nikachomeka simu kwa saa nzima ikapanda asilimia chache tu, hayo matundu mengi yanatoa ampea kidogo sana, kwa hiyo ukisafiri beba pawabenki iliyojaa na usitegemee basi.

Mpakani Horohoro na Lunga Lunga siku hizi ni kituo cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia jengo moja. Kadi ya homa ya manjano waliiulizia, uwe nayo mkononi siyo chini ya begi. Foleni ya watu ilienda haraka, ya mizigo ndo ikanigandisha. Afisa akafungua shangazi kaja, akatoa nguo, akafunua khanga, akakuta chuma.

"Hii ni nini?"

"Transfoma, afande."

"Ya TANESCO?"

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka japo jasho linanitoka. Mama mmoja wa Tanga aliyekuwa nyuma yangu na mabelo ya vitenge, mtu sijawahi kumwona, akaingilia, "Huyo ni fundi mwanangu, si unaona bisibisi zake, anaenda kazini anarudi nayo." Afisa akaniuliza kama kweli narudi nayo. Nikasema narudi nayo. Akanirudishia nguo zangu, akazikunja vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Pembeni nikabadili hela, shilingi moja ya Kenya wakanipigia kwa 20 na ushee za kwetu.

Likoni tulifika giza limeshaingia. Basi likaingia kwenye foleni ya magari, na dereva akasema wa mjini washuke wavuke kwa miguu maana kuna meli kubwa inaingia bandarini na feri zimesimamishwa kwanza zipishe. Wa miguu hawalipi kitu, unasukumwa tu na umati kuteremka ule mteremko. Mimi na kilo zangu 15 siwezi kuachana nazo, nikalishusha begi nikaanza kulikokota. Hatua ishirini nyingi. Kijana wa mkokoteni aliyepakia magunia ya nazi akasimama, wala hakuuliza, akalinyanyua akalitupia juu ya nazi. Tulivuka hivyo hivyo mpaka ng'ambo, akanisaidia hadi kwenye tuktuk. Kumpa hela akakataa katakata. "Dadangu, nazi zote hizi nasukuma, hilo ndilo litanishinda?" Tuktuk mpaka Mji wa Kale 200.

Usiku huo laptopu ilikuwa imezima kabisa. Nikatoa chaja, vijiti viwili vya duara, ukuta una matundu matatu bapa ya Kiingereza. Mjukuu wa shangazi yuko gredi ya 6, akanikimbilia na kalamu: "Shangazi, ngoja nikufungulie." Na kweli wote tunaijua hiyo. Unachokonoa tundu la juu kwa kalamu, vijilango vya matundu ya chini vinafunguka, unasukumiza plagi ya vijiti viwili. Nikamzuia. Lile tundu la juu ni la ethi, ule waya unaoupeleka ardhini umeme unaovuja, na kile kijiti cha juu kwenye plagi ya Kiingereza kimefanywa kirefu kuliko vingine makusudi, kitangulie kuingia, kifungue vilango na kuunganisha ethi kabla moto haujafika. Ukichokonoa na kalamu umeondoa ulinzi wote, vijiti vyenyewe vinakaa vimelegea vinapiga cheche, na mtoto aliyezoea kalamu ipo siku kalamu haipo atachukua msumari. Nikalala na laptopu imezima, haikuniua.

Alhamisi, siku ya kusoma lebo

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, chai ya iliki. Nilikula kwa adabu mahamri mawili ya kwanza, baada ya hapo adabu iliisha.

Nyumba ni ya zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe, mtandao unafia mlangoni. Umeme umepitishwa juu ya ukuta kwenye mabomba ya plastiki. Sebuleni soketi moja ya Kiingereza, na kile chumba cha mbele kinachotakiwa kuwa ofisi kina soketi moja ya kale ya matundu ya duara. Nikaipima kwa multimita, moto upo, ethi hakuna. Kumbuka hiyo.

Afu nikagundua kuna kitu kimeshaguswa. Kijana wa jirani, mwema sana, mwenye nia njema kabisa, alinunua adapta ya matundu yote akachomeka ile ekstensheni ya Marekani "tuijaribu tu". Kataa ka ekstensheni kakawaka, sekunde chache, pwaa, moshi. Alikuwa ameweka na chaja mbili za simu kwenye ekstensheni hiyo hiyo, na chaja zikatoka nzima. Hapo ndo walipochanganyikiwa: imekuwaje chaja ndogo zipone, ekstensheni ambayo ni waya tu iungue?

Kwa sababu siyo waya tu. Ekstensheni nyingi za kule zina kinga ya umeme kupanda ghafla, ndani kuna kidude kinachokaa kimya volti zikiwa za kawaida, zikizidi kiwango chake kinaziruhusu zipite ndani yake zisifike kwenye mashine. Kiwango chake kimepangwa kwa 120. Ukiipa 240 muda wote inaona ni radi isiyoisha, inajichoma yenyewe. Chaja za simu zimeandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz, ndani yake umeme unageuzwa kwanza kuwa wa DC, ule kama wa betri, afu unakatwakatwa kwa kasi kubwa na kushushwa, kwa hiyo 120 au 240 kwake sawa tu.

Ndo maana nilimwambia shangazi ashukuru plagi haikuingia. Umbo la plagi na nguvu ya umeme ni maswali mawili tofauti na watu wanayajibu kama moja. Adapta ya shilingi 150 ni kama kumpa mgeni ufunguo wa nyumba bila kumwambia taratibu za humo ndani: mlango unafunguka, mengine hayajui. Haishushi volti hata moja.

Basi tukatandika mkeka, tukapanga kila kitu kifudifudi, mimi nasoma lebo kwa tochi ya simu, mjukuu anaandika kwenye daftari lake la hesabu.

Monita ina tofali lake la chaja, 100-240V, haina shida. Kompyuta ya mezani ndo ingekuwa msiba. Ni ya zamani kidogo, na nyuma karibu na feni ya pawasapulai, kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme, kuna kaswichi kekundu ka kusukuma kwa bisibisi, kamekaa 115. Zile pawasapulai zikiwa kwenye 115 ule mzunguko wa ndani unazidisha umeme mara mbili ili uufikie kiwango cha 230. Sasa wewe ukiupa 240 na wenyewe uzidishe mara mbili, kapasita zinapasuka, utasikia mlio na mara nyingi mashine ndo basi tena. Nikasukuma, ikasoma 230, nikapiga picha kabla na baada. Kinyume chake haina madhara makubwa, ukiwa Marekani na swichi iko 230 kompyuta haitawaka tu. Kompyuta nyingi mpya hazina hako kaswichi kabisa, zinajirekebisha zenyewe, lakini mzigo kama huu wa mtumba lazima ugeuze nyuma uangalie.

Ruta ilikuwa na kale kachaja ka kizamani kazito, imeandikwa 120V 60Hz basi, hakuna 100-240. Ruta yenyewe ni nzima, inakula 12V za DC, kwa hiyo dawa ni kununua chaja nyingine ya hapa. Ukinunua angalia vitu vitatu: volti za kutoka ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, na ule mchoro mdogo wa kujumlisha na kutoa ulingane, chanya iwe katikati kama ya kwanza ilikuwa katikati. UPS ni ya 120 na betri imeshakufa kwa kukaa bila kuchajiwa miezi mingi njiani, nikaitoa kwenye hesabu.

Printa ya leza: 110-127V, 50/60Hz, 8A. Hapo nikakaa chini vizuri. Printa ya leza ina roli la moto linalochoma wino kwenye karatasi, na hilo roli linalishwa umeme wa ukutani moja kwa moja, ndo maana hata kiwandani wanatengeneza matoleo mawili, la 110 na la 220. Kitu cha joto ukikipa volti mara mbili, na umeme unaopita unakuwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. 8A mara 120 ni karibu wati 960 kwa dakika ile inapopasha, kwa hiyo transfoma ya 500 inayouzwa madukani isingeiweza. Hii yangu ya 2000 inaiweza.

Kasaa: 120V 60Hz. Nikakaweka pembeni, nilikuwa na wasiwasi nako wa aina yake.

Ijumaa, kutafuta nyaya

Nilipita Ndia Kuu mpaka Fort Jesus, nikatokeza Digo Road, harufu ya viungo ya Marikiti inakuvuta kwa pua. Kwenye vichochoro vya nyuma nikaonyeshwa duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja, kofia ya vito, kikoi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibu binti. Wataka adapta?"

"Hapana mzee, nataka nyaya."

Akafurahi kama nimemletea barua. Akasema kila siku watu waja na kompyuta, wamtaka adapta, na nyuma ya kompyuta waya wachomoka! Na ndo ukweli ambao ningependa ukusaidie: karibu kompyuta zote za mezani, monita na printa zina tundu la nyuma la aina moja dunia nzima, lile la pini tatu. Chaja za laptopu nyingi zina tundu la duara tatu zilizobanana, na redio na printa ndogo zina lile la namba 8. Badilisha waya mzima wenye plagi ya nchi uliyopo, adapta achana nayo. Inashika vizuri, ina ethi, ina fyuzi. Adapta hulegea, na nyingi za vijiti viwili zinaikata ethi kimya kimya.

Akanifungulia waya wa aina mbili mezani kwake, siyo kwa sababu nilimwomba. Wa shilingi 120 na wa shilingi 300. Wa bei rahisi kifuniko kimeandikwa 13A, ndani hakuna fyuzi, kuna kipande cha bati, na shaba yenyewe nyembamba ungeikata kwa meno. Wa 300 una fyuzi ya kweli. Akachomoa ile ya 13 akaweka ya 5 kwenye waya wa kompyuta, ya 3 kwenye wa monita, akasema 13 ni ya birika na pasi, kifaa kidogo ukikipa fyuzi kubwa waya utaungua kabla ya fyuzi. Fyuzi za akiba 20 kila moja. Nikachukua nyaya tatu na wa laptopu yangu, na chaja ya ruta 450.

Rafu ya juu alikuwa na redio zimejaa vumbi. Mtumba wa Japani, akaniambia, kule ni 100V, chini hata ya Marekani, watu wazinunua kwa urembo, wazichomeka, wazileta kwangu zimekufa. Wateja wake wengine ni madereva wa malori wa Kongo na Burundi wanaokuja bandarini, wao kwao plagi ni za duara ila umeme ni 220, kwa hiyo kwao kubadili waya au plagi kunatosha kabisa.

Saa 6 na nusu akafunga duka kwenda Ijumaa. Chenji yangu hakuwa nayo, akaniambia nikae kwenye benchi lake, akaniagizia dafu kwa mkokoteni uliokuwa ukipita akalilipia, akaenda zake. Mtaa mzima ukafunga. Kama una shughuli za madukani Mombasa siku ya Ijumaa, maliza saa 6 au njoo baada ya saa 8, katikati utazunguka bure.

Jioni shangazi akanipeleka Mama Ngina kula muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, 100 sahani, upepo wa bahari, meli zinapita karibu kiasi unaona mtu aliyesimama juu. Nilikula nyingine.

Jumamosi, kuwasha

Fundi umeme alisema saa 3. Saa 3 yuko njiani, saa 5 yuko njiani, saa 8 akaja. Lakini alikuja na leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, bila kuulizwa na kazi yake safi: akang'oa ile soketi ya kale, akavuta waya mpya na ethi mpaka kwenye boksi, akaweka soketi pacha za swichi. 4,500 na vifaa. Watu wanaona ethi ni anasa. Kompyuta ya mezani isiyo na ethi ile bodi yake ya chuma inakutekenya vidole ukiigusa, kwa sababu kichujio cha ndani kinavujisha kidogo kwenye bodi kikitegemea ethi ikipokee. Ofisi ya kuhudumia watu, watoto wa shule wanaingia miguu pekupeku, siwezi kuiacha hivyo.

Kompyuta ikawaka bila mbwembwe. Monita ikawaka. Ruta ikawaka. Kijana wa jirani alikuwepo, nikampa yeye ndo abonyeze.

Printa kwenye transfoma. Transfoma ikaanza kunguruma chini chini, printa ikajipasha, taa ya chumba ikafifia kidogo ikarudi. Tukatuma barua ya majaribio, haitoki. Inadai karatasi. Karatasi tumeiwekea. Inadai tena. Hii siyo umeme, ni Umarekani wake: kule wanatumia karatasi ya Letter, fupi na pana kuliko A4, na printa imezaliwa ikiitegemea hiyo. Nikaingia kwenye menyu nikaibadili iwe A4, na kwenye kompyuta pia, maana ukibadili upande mmoja mwingine unaendelea kubisha. Ikatoka. Shangazi akaipokea ile karatasi ya kwanza ikiwa bado na joto akaipeleka kwa jirani kuionyesha.

Hapo nikaona nimwambie ukweli. Transfoma narudi nayo, nimeshasema mpakani. Mpya ya ukubwa huo yule mzee aliniambia 11,000. Printa ya leza ya mtumba wa Uingereza, 240V, bila mdudu huyu wa chuma chini ya meza, niliiona kwa 12,000. Transfoma inanguruma na kula umeme hata printa ikiwa imelala, lazima uzime ukutani. Na katriji za baadhi ya printa zimefungwa kimkoa, ya huku inaweza kukataliwa na mashine ya kule. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, hii kaituma Salimu." Basi.

Magharibi stima zikapotea mtaa mzima. Tulizima swichi zote ukutani tukakaa gizani tukipiga soga, maana zikirudi huwa hazirudi kwa adabu, dakika za mwanzo volti zinayumba. UPS ya hapa atanunua ya kompyuta na ruta, na nimemwandikia kwa kalamu nyekundu ukutani: PRINTA YA LEZA USIIWEKE KWENYE UPS. Ile ikipasha roli inavuta ghafla, UPS ndogo inapiga kelele na kuzima kila kitu.

Jumapili

Saa 3 na nusu asubuhi nikakachomeka kasaa kwenye transfoma, nikakaweka sawa na simu, tukatoka. Fort Jesus, picha, jua, biriani ya 450. Tuliporudi adhana ya Alasiri ndo inatoka, saa 9 na nusu, kasaa kanasoma 2:30. Saa nzima nyuma. Shangazi akakatazama kwa chuki, akasema kitamkosesha swala.

Huo ndo wasiwasi niliokuwa nao. Transfoma inabadilisha volti tu, Hz haigusi. Saa za aina hii hazina mashine yake ya kuhesabu muda, zinahesabu mitikisiko ya umeme wa ukutani, mitikisiko 60 ndo sekunde moja. Huku inapata 50, kwa hiyo kila saa inapoteza dakika 10, masaa sita ni saa nzima. Hakuna adapta wala transfoma ya dukani itakayolirekebisha hilo. Saa za kuchomeka, santuri za zamani, vitu vyenye mota, kabla hujavibeba toka Marekani soma kama vimeandikwa 50/60Hz au 60 peke yake. Kasaa alipewa mjukuu akafungue aone ndani.

Jumatatu, kurudi

Basi la asubuhi, Likoni safari hii kijana wa jirani alinibebea begi mpaka ng'ambo na kurudi zake kwa feri hiyo hiyo. Mpakani afisa alikuwa mwingine, akafunua khanga, akaniuliza, nikamjibu, akaita mwenzake waje waone. Segera tulikaa masaa mawili na nusu kwa tairi. Tabata niliingia saa 7 usiku.

Ule waya wa laptopu wa mzee nimeubakisha kwenye begi moja kwa moja, unafaa Nairobi, Kampala, Uingereza na hata kwangu sebuleni.

Juzi shangazi kanipigia. Kanunua printa ya mtumba wa Uingereza, ya Salimu ameiweka kabatini imefunikwa kitambaa, na nisimwambie. Dakika chache baadaye Salimu naye kaniandikia toka Columbus, anafungasha pipa jingine, anataka kumtumia mama blenda kubwa ya juisi za dukani, je adapta zinapatikana Mombasa? Nimemwambia anipigie picha chini ya blenda. Imekuja: 120V, 60Hz, 1500W. Nimemjibu airudishe dukani achukue hela yake, amtumie mama M-Pesa.